Kihenge cha Kalembela

Veneranda alikuwa amezama ndani ya kihenge mpaka kiunoni, miguu yake ikitafuta ngazi hewani, alipomsikia mumewe akiuliza kutoka chini kama bado anaona ufa.

"Upo mmoja," alijibu, na sauti yake ikazunguka humo ndani kama ya mtu aliyetumbukia mtungini. "Nipandishie udongo."

Dionis akampa donge la udongo uliokandwa kwa mavi ya ng'ombe. Veneranda akaupapasa ule ufa kwa vidole mpaka akajua unakoanzia na unakoishia, akausiliba polepole, kisha akaulainisha kwa kiganja chenye maji. Kazi hiyo hakuifanya kwa haraka hata siku moja. Kihenge cha kwanza, kile cha kando ya jiko, kilikuwa kimekwisha kujaa mtama uliochanganywa na majivu ili usiliwe na fukusi. Hiki cha pili kilikuwa kipya, na wao wawili walikuwa wamekipa jina ambalo hawakulitamka mbele ya majirani. Walikiita kihenge cha Kalembela.

Kalembela ndiko kwao. Kulikuwa mwendo wa kutwa nzima kuelekea machweo, karibu na njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, njia ambayo babu yake Dionis aliipita mara nyingi akiwa na pembe begani. Palikuwa na kijito kisichokauka, na msitu wa miyombo, na mizinga ya nyuki iliyorithiwa baba kwa mwana. Kisha malale yakaingia. Watu wakaanza kusinzia wakiwa na tonge mkononi, na wengine hawakuamka. Serikali ya Waingereza ikaamuru watu wote waliotawanyika porini wakusanywe mahali pamoja palipofyekwa, ambapo ndorobo, wale nzi waletao ugonjwa, hawapati kivuli cha kutua. Watu wa Kalembela walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo. Mtama wao ulikuwa bado mbichi mashambani. Walibeba kilichobebeka, wakaacha mavuno, wakaacha mizinga, wakaacha makaburi.

Veneranda aliacha kaburi la Marcelina nyuma ya nyumba. Alikuwa binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na homa kabla hajamaliza kuota meno, na Mungu hakuwajalia mwingine. Hata hivyo kule kambini watu waliendelea kumwita Mama Marcelina, kama desturi inavyotaka, na kila mara alichelewa kidogo kuitika, mithili ya mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Mwaka wa kwanza wa kambi ulikuwa mwaka wa njaa. Dionis alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge ili apate kodi, na Veneranda akabaki na kapu tupu. Siku moja alikwenda kwa Nyamizi, mama mtu mzima aliyekuwa mwenyeji wa mahali pale tangu kabla ya kambi, mwenye vihenge vizuri na ulimi mkali. Akapiga goti mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga, akaomba mtama wa kumfikisha Jumapili. Nyamizi hakumnyima. Lakini kabla ya kumimina aliwatazama wenzake, akasema:

"Huko Kalembela mlikuwa mnakula nini, nzi?"

Wanawake wakacheka. Veneranda akashukuru kama inavyopasa, akajitwika kapu lake, akaenda zake. Mtama ule uliisha, lakini neno halikuisha. Akitwanga alilisikia, akipalilia alilisikia, na kadiri miaka ilivyokwenda alilitunza kama mtu anavyotunza mbegu, akingoja msimu wake.

Dionis aliporudi kutoka mkongeni, mwembamba, mikono imejaa makovu ya miiba, mkewe alimweleza kisa chote. Akamaliza kwa kusema kwamba mwakani, wakati kama ule, hataki kumpigia mtu goti kwa ajili ya ugali. Hapo ndipo desturi yao ilipoanzia. Kila mwaka, juma la sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mtama ukiwa umekwisha kupurwa, waliketi kizingitini jioni na kuulizana swali moja tu: mwakani tukikaa hapa, nyumba hii iwe na nini ambacho leo haina? Walichagua jambo moja, kisha mwaka mzima mikono yao ililifuata jambo hilo.

Mwaka wa kwanza ilikuwa kihenge kilichojaa. Uliofuata, ilikuwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa juani, vya kuwavusha tangu Noeli mpaka mahindi mabichi. Kisha likaja shamba la muhogo. Wengine walipanda muhogo kwa sababu wameamriwa, wakanung'unika. Wao waliupanda wakijua kwamba ni akiba iliyofichwa ardhini, mahali ambapo moto haufiki. Kisha ikaja mizinga ya nyuki, ili nta ilipe kodi na Dionis asirudi tena Tanga. Mwaka ule mumewe alikaa nyumbani tangu masika mpaka masika, na Veneranda akashangaa jinsi nyumba inavyokuwa ndogo na yenye joto mtu akiwamo.

Kisha ukaja uvumi. Ilisemekana kwamba pori la kuzunguka kijito cha Kalembela limefyekwa, na kwamba bwana wa malale, yule ofisa wa serikali, amelipima na kuliona safi. Basi walipoketi kizingitini mwaka ule hawakuhitaji kuulizana. Veneranda alisema, "Kihenge cha pili," na Dionis akaitikia kwa kichwa.

Na sasa kihenge cha pili kilikuwa mbele yao, kimesilibwa, kinangoja kujazwa. Kabla mwezi haujaisha uvumi ukawa habari. Mwanangwa Masolwa, aliyekuwa mkuu wa kambi, aliita baraza na kutangaza kwamba jamaa za Kalembela wataruhusiwa kurudi kabla ya mvua, ila kwa sharti moja. Serikali haitapeleka chakula huko. Kila nyumba itakayotaka kwenda ionyeshe chakula cha mwaka mzima, na karani atapita kukagua kabla ya mvua za kwanza. Asiye nacho atabaki. Mtu mmoja akauliza kama ruhusa itatolewa tena mwakani. Masolwa akasema kwamba yeye ni mdomo tu, si tumbo. Lililomo tumboni mwa serikali halijui.

Dionis hakungoja karani. Alichukua shoka na chakula kidogo, akaenda kuangalia. Alirudi siku ya tatu, nguo zake zikinuka majani ya porini. Veneranda akampa maji, akaketi, akangoja. Dionis akaeleza kwamba nyumba imeanguka na mchwa wameila, kwamba kijito kinatiririka kama zamani, na kwamba kwenye mizinga miwili ya baba yake bado mna nyuki, ingawa hakuna aliyeichunga. Alisimulia mambo hayo moja baada ya jingine, mpaka mkewe akajua anakwepa nini.

"Na yeye?" Veneranda akauliza.

"Nimemwona. Mawe yote yapo. Nilifyeka majani, nikapafagia."

Veneranda akainuka, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko unavyohitajika kukoka moto. Tangu siku ile alianza kuishi miguu yake ikiwa kambini na moyo njiani. Akichota maji kisimani alikuwa anachota kijitoni. Usingizi ulipomjia, aliota kizingiti cha nyumba ile iliyoliwa na mchwa, na alipoamka alihesabu vikapu vilivyobaki kumiminwa. Ilipofika siku ya kukiezeka, kihenge cha Kalembela kilikuwa kimejaa mpaka shingoni.

Moto ulikuja mwezi wa Septemba, mchana, upepo ukiwa mkali. Ulikuwa moto wa nyika kama ule wa kila mwaka, ila safari hii uliruka kijia ukaingia pembeni mwa kambi, kwenye kaya ya Nyamizi. Watu walikimbia na matawi mabichi, Dionis na Veneranda wakiwa miongoni mwao, na nyumba za jirani ziliokolewa. Za Nyamizi hazikuokolewa. Watoto walitolewa wazima, wajukuu zake wale aliokuwa akiwalea tangu mama yao afe na baba yao apotelee mkongeni. Mapaa ya nyasi yaliporomoka mara moja, lakini vihenge viliungua kwa siku mbili, taratibu, ndani kwa ndani, vikinukia bisi. Harufu ile nzuri ilitapakaa kambi nzima, na watoto walioinusa waliona njaa.

Wakristo na wasio Wakristo walisaidia. Huyu alileta kisahani, yule kibaba. Lakini mwaka ule kwelea kwelea walikuwa wameharibu mashamba mengi, na wengi walikuwa na kile tu cha kuwavusha wao wenyewe. Veneranda naye alijaza kapu, akampa mke wa katekista Silasi alifikishe. Hakwenda mwenyewe. Alijiambia ana kazi nyingi za safari. Ukweli ni kwamba alikuwa akingoja. Alimngoja Nyamizi aje kwa miguu yake, apige goti pale uani, na lile neno lilikuwa tayari ulimini mwake, limeiva. Kila kivuli kilichopita mlangoni kilimfanya ainue kichwa. Siku zikapita. Nyamizi hakuja.

Jumapili moja, watu wakitoka kusali, Veneranda alisimama kando kumngoja Dionis, aliyekuwa akizungumza na mwanangwa juu ya siku ya kuondoka. Akawaona wajukuu wa Nyamizi wamepangwa ukutani, wameogeshwa, wamepakwa mafuta. Kila mmoja alikuwa na kifurushi mkononi. Mke wa Silasi alimshika mmoja mkono, wakaenda. Mzee mmoja wa mtaa wa juu akamchukua wa pili. Wa tatu alikabidhiwa kwa mtu aliyekuwa akielekea Lusu, ambako Nyamizi ana ndugu. Hakuna aliyelia. Mdogo kuliko wote, msichana aitwaye Apolinaria, hakuwa na kifurushi, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kufungwa, na alikuwa akiwatazama wenzake wakipungua. Dada yake mkubwa alipovutwa, mtoto aliuachia mkono wake kidole kimoja kimoja.

Veneranda akauliza kinachotokea. Akaambiwa Nyamizi anawagawa watoto. Yeye mwenyewe atakwenda Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, akawachotee watu maji, na mvua mbili tatu zikipita, kama bado ana nguvu, atawakusanya.

Walirudi nyumbani. Dionis akaketi kusokota kamba za kufungia mizigo. Veneranda akasimama uani kwa muda, kisha akaiegemeza ngazi kwenye kihenge cha Kalembela, akapanda, akakiondoa kifuniko cha nyasi na kukiweka chini. Akaanza kuteka. Kapu la kwanza lilipojaa akashuka, akaliweka, akapanda tena na la pili. Lilipofika la tatu Dionis aliiacha kamba.

"Utabakiza cha kuonyesha karani?"

"Hapana."

Dionis akainuka. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza. Alisema kwamba wamempa Nyamizi kapu moja, na hilo si haba. Alisema mtu akisafiri hukutana na wenye shida njiani, wala hafungui mizigo yote. Alisema ruhusa inaweza isitoke tena, na wao si vijana tena. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imeshika ngazi. Mwishowe Dionis akasema jambo ambalo alikuwa amelizungukazunguka.

"Na Marcelina je?"

Kuku mmoja alisogea, akadonoa punje zilizoanguka chini ya ngazi, na hakuna aliyemfukuza.

"Marcelina hali chakula, Baba Marcelina," Veneranda akasema.

Dionis akageuka akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko mpaka jua likaanza kuinama. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na toroli la mti aliloliazima kwa jirani, na akaanza kupakia makapu.

Walimkuta Nyamizi kwenye majivu. Alikuwa ameketi mahali palipokuwa na kihenge chake, ungo mapajani, akipepeta mtama ulioungua ili apate punje zilizopona. Apolinaria alikuwa kando yake, akiziokota moja moja. Veneranda alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua uso. Aliyaona makapu. Mikono yake ikasimama.

"Liseme," Nyamizi akasema.

"Niseme nini, mama?"

"Lile la nzi. Unadhani nimelisahau? Ndilo lililonizuia kuja kwako. Liseme, wote wasikie, nipate kukipokea hiki chakula nikiwa nimekwisha kukilipa."

Majirani wawili watatu walikuwa wamesogea, na wengine walikuwa walewale wa siku ile. Hii ndiyo nafasi aliyoilimia miaka yote. Veneranda akalitafuta lile neno mahali alipoliweka. Alimtazama yule mama, jinsi majivu yalivyoingia kwenye mikunjo ya shingo yake, na mtoto aliyekuwa ameacha kuokota ili asikilize.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Nimelidondosha njiani, mama. Nionyeshe mahali pa kumimina."

Nyamizi akafunika uso kwa ungo. Alikaa hivyo kitambo, mabega yakimtikisika. Kisha akafuta macho kwa kiganja, kikamwachia mistari myeusi, na akamtuma Apolinaria akaazime mtungi.

Jioni ile na kesho yake wale watoto walirudishwa. Yule wa Lusu alifuatwa na Silasi kwa baiskeli, akamkuta hajafika mbali.

Karani alifika siku iliyopangwa. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alifanya kazi yake kama alivyoagizwa. Kwenye kila nyumba ya watu wa Kalembela alipanda ngazi, akatumbukiza ufito ndani ya kihenge, akatazama ulipoishia. Kwa Veneranda, kihenge cha kando ya jiko kilimridhisha. Alipofika kwenye kile cha pili ufito ulishuka ukagonga chini, sauti yake ikasikika tupu. Akamtazama Dionis kana kwamba anamwombea jibu zuri. Dionis akasema kilikuwa na chakula na sasa hakina. Karani akateremka, akaomba maji ya kunywa, akaenda nyumba ya pili.

Jamaa wa nyumba nne walipita ukaguzi. Waliondoka asubuhi ya ukungu, na mizigo na kuku na watoto, na Veneranda akawasindikiza mpaka mwisho wa mahali palipofyekwa, pale miyombo inapoanzia. Wanawake walimwuliza kama ana salamu. Alitaka kuwaambia waangalie mawe nyuma ya nyumba, wayapangusie majani mvua zikianza kuyaotesha. Badala yake alisema wawasalimie wote, ingawa alijua kuko tupu, nao wakaitikia kwamba salamu zitafika. Akasimama pale mpaka asiweze kutofautisha mlio wa kuku wao na wa ndege wa porini.

Dionis hakumlaumu. Lakini kwa majuma kadhaa alikuwa mtu wa maneno machache, akienda kwenye mizinga yake mapema na kurudi kwa kuchelewa, na mkewe akamwacha, maana alijua uchungu wa mumewe haukuwa juu yake yeye. Jioni moja alimkuta ameketi kizingitini, ingawa sikukuu yao ilikuwa imekwisha pita, na amemwachia nafasi. Akaketi. Hawakuulizana kitu. Baada ya muda Dionis akasema kwamba udongo wa kichuguu cha kule juu ni mzuri zaidi kwa kusiliba, haufanyi nyufa. Veneranda akasema basi kesho akauchote.

Mwezi wa Novemba, kabla matone ya kwanza hayajaanguka, Nyamizi alitokea shambani kwa Veneranda na jembe lake, na wajukuu nyuma yake. Hakuitwa. Alichagua mstari, akainama, akaanza kupandisha tuta, na Veneranda akaanza lingine kandokando yake. Ardhi ilikuwa ngumu, ikitoa vumbi kila ilipopigwa. Walilima hivyo asubuhi yote, na walipozungumza walizungumzia mbegu.

Jua lilipokuwa utosini, upepo ukabadilika. Nyamizi alinyooka, akaweka mkono kiunoni, akatazama mbali kuelekea magharibi. Huko mbingu ilikuwa imeshuka, na chini yake mvua ilikuwa imesimama, nyeusi, mahali pamoja, kama pazia lililoteremshwa juu ya miti.

"Kule ndiko?" akauliza.

Veneranda naye akanyooka.

"Ndiko."

Wakasimama wote wawili, majembe mikononi, miguu vumbini. Upepo ukaja ukiwa na harufu ya udongo uliolowa, hafifu, ukawapitia usoni, na Veneranda akafumba macho. Alipoyafumbua mvua ilikuwa bado inanyesha kulekule.